Jogoo wa Baba na King'ora cha Karakana

Nakumbuka siku baba yangu alipoingia karakana ya reli pale Tabora akiwa na jogoo kwapani, akasimama katikati ya mafundi na kuuliza mwenye mji huu ni nani. Mimi nilikuwa kwenye jiriwa, kile chombo cha kubania chuma, napiga tupa kipande kilichobanwa, na kwa kelele za mashine sikumsikia. Nilichosikia ni jogoo. Karakana ile ilikuwa na kila aina ya mlio, lakini kuwika hakukuwamo, kwa hiyo wote tuligeuka.

Mwanangu, nakusimulia habari hii kwa sababu juzi mjukuu wangu anayefanya kazi kiwanda cha nguo Dar es Salaam alinipigia simu akilalamika. Anasema ndugu zake wa huku nyumbani hawamwelewi. Wanamwambia njoo, kuna msiba, njoo, tunapalilia, njoo, shangazi yako anaumwa, naye yuko zamu. "Babu, wanadhani huku nimekaa tu," akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaribia kuzima simu isipatikane tena. Nilimpa jibu fupi kwa sababu salio lake lilikuwa linakwisha. Jibu refu ni hili, na wewe lisikilize, maana najua na simu yako inalia hivyo hivyo.

Nilizaliwa porini upande wa Kaliua, katika mji wa baba yangu, Mzee Maganga. Kwetu mji ni mahali pa mtu na watu wake: nyumba kadhaa, ghala la mtama, zizi, na mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye mwenyewe. Ukiwa na shida unakwenda kwa mwenye mji, unakaa, unasalimu, unasema. Hata ukitaka kijana wake akusaidie kuezeka, unamwomba yeye, naye siku akikuomba wa kwako humnyimi. Kazi ilikuwa na uso wa mtu, na uso huo ulikuwa unaujua tangu utoto.

Mimi niliondoka kijana, nikapata kibarua reli. Uhuru tulikwisha kuupata, na pale karakana wakubwa wa kizungu walikuwa wameondoka, nafasi zao zikashikwa na watu wetu. Msimamizi wangu alikuwa Bwana Ezekieli, Mmoraviani wa Tabora mjini, kijana mwenye haki na asiyecheka ovyo. Nilikuwa kwenye majaribio. Nikimaliza vizuri ningeajiriwa moja kwa moja, na nikikosa siku za kazi bila ruhusa ningerudi nyumbani na nguo nilizokuja nazo. Walionitangulia wengi walikwisha rudi hivyo. Mvua za kwanza zikinyesha, mtu anaweka nyundo chini, anakwenda kupanda mahindi na karanga, akirudi baada ya mavuno anashangaa kukuta mtu mwingine mahali pake. Walikuwa hawana nia mbaya hata kidogo. Shamba ulilolianza ni lako hata ukiliacha likaota majani, basi wakadhani na jiriwa ni vivyo hivyo.

Ikaja amri ya kuhamia kijijini. Tuliambiwa watu watoke porini wakae pamoja kando ya reli, wapate maji na shule na zahanati, na walime shamba moja la wote. Siasa yake wako wanaoijua kuliko mimi. Ninachokijua ni kwamba baba alikuwa akiitaka shule na akiyataka maji, na papo hapo kuliacha kaburi la baba yake kulimuuma mpaka akakosa usingizi. Asubuhi alikuwa mjamaa kamili, jioni amenuna. Lakini alihama. Aliambiwa awe amejenga kabla ya mvua, akahamia na mama na bibi yangu, mama yake mzazi, ambaye alikuwa mzee sana na kifua chake kilikuwa kibovu. Wakalala kwenye kibanda cha matawi kisicho na paa la maana.

Miti ya kujengea baba alikwisha ikata. Nyasi mama alikwisha zikata. Kilichokosekana kilikuwa mikono ya kusimamisha nyumba, na hapa ndipo palipokuwa na jambo ambalo wazee wetu hawakuwahi kulikuta. Zamani nyumba ya mtu ikianguka, wa kwao walikuwa wamesimama, kwa hiyo waliacha kazi zao wakaja. Kusaidiana kulitaka mmoja awe na shida na wengine wawe na nafasi. Safari hii kila mtu alikuwa hana nyumba, siku zilezile, na mawingu yaleyale yalikuwa juu ya vichwa vyao wote. Baba alizunguka kwa majirani akaona haya kuomba. Kila aliyemkuta alikuwa na mama yake mwenyewe kwenye kibanda.

Ndipo akanikumbuka mimi, mwanawe pekee wa kiume. Akamchukua jogoo wake mwekundu, wa pekee aliyesalimika katika kuhama, akapanda treni kuja kuniomba kwa mwenye mji.

Sasa turudi pale karakana. Nilimwendea mbio.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mihayo. Mwenye mji yuko wapi?"

Nikamwambia hapa hakuna mwenye mji, kuna msimamizi. Akasema jina halimsumbui, yeye anamtaka mwenyewe. Bwana Ezekieli alikuwa amefika tayari, akamsalimu baba kwa heshima zote, akamvutia kikreti cha mbao akae. Baba akakaa. Akauliza habari za nyumbani kwake, za wazazi wake, za mvua upande wa mjini. Mashine zilikuwa zikiendelea kuunguruma na watu walikuwa wamesimama, nami nikaona macho ya Bwana Ezekieli yakienda kwenye saa ya ukutani na kurudi. Baba hakuiona saa ile. Hata angeiona, angeidhani ni pambo.

Mwishowe akasema alichokijia. "Nimekuja kumwomba kijana wangu. Nijenge naye, tupande, kisha nitakurudishia mwenyewe kwa mkono wangu. Huyu jogoo si hongo. Sikuweza kuja mji wa watu mikono mitupu."

"Mzee wangu, jogoo siwezi kumpokea," akasema Bwana Ezekieli. "Na kijana siwezi kumtoa. Siku nyingi namna hiyo si ruhusa yangu. Na mimi naomba kwa mkubwa wangu."

"Nipeleke kwa mkubwa wako."

"Naye anaomba kwa walio Dar es Salaam."

"Nao?"

Bwana Ezekieli akafikiri. Sijui kama aliwahi kuulizwa swali lile. "Nao wanatumwa na serikali, na serikali ni wananchi. Ndivyo tunavyofundishwa, mzee. Reli hii sasa ni mali yetu sote."

"Yetu sote," baba akarudia polepole. "Na mimi nimo?"

"Umo, mzee."

"Basi mimi nimeruhusu. Mihayo, chukua koti lako."

Mwanangu, karakana nzima ilicheka mpaka mtu mmoja akaangusha nyundo. Hata Bwana Ezekieli alishindwa kujizuia. Lakini baba hakuwa akichekesha. Aliwaangalia mmoja mmoja kutafuta kosa lake liko wapi, na nilipouona uso wake ukibadilika, nilitamani sakafu ifunguke. Alikuwa amesafiri kwa adabu zote anazozijua na watu wakamcheka. Akasimama, akamnyanyua jogoo, akakosa la kufanya naye, maana huwezi kwenda na zawadi kwa watu ukarudi nayo. Kumrudisha jogoo yule nyumbani kungekuwa kutangaza kijiji kizima kwamba amekataliwa.

Aliyemwokoa alikuwa Mzee Kondo. Huyu alikuwa fundi wa zamani, Mzaramo wa pwani, aliyekuja Tabora kijana akaoa na kukaa mtaa wa Ng'ambo, akawa mwenyeji kuliko sisi. Mdomo wake ulikuwa mrefu kuliko siku ya kazi. Alitoka nyuma ya mashine, akamwendea baba, akampokonya jogoo mikononi bila hata kumsalimu.

"Mnyamwezi kaja mjini na kuku halafu anataka kuondoka naye," akasema. "Umeona wapi? Huyu wangu."

Baba akamtazama. "Wewe mtu wa wapi?"

"Mzaramo."

Nikaona mabega ya baba yakishuka. Wewe huenda huujui utani wetu, siku hizi vijana mnadhani utani ni matusi ya kwenye simu. Babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na misafara, wamebeba pembe za ndovu kichwani, walifikia kwa Wazaramo, wakagombana nao, wakazikana nao, mpaka ikawa hawawezi kununiana. Mtani wako anaweza kukuchukulia kitu chako mbele ya watu na huna ruhusa ya kukasirika. Lakini akishakichukua, amejifunga. Siku ya shida yako hatakwepa.

"Mwizi," baba akasema, na sauti yake ilikuwa imerudi. "Kazi yenu kukaa chini ya minazi mkisubiri wenzenu wafike na mizigo."

"Na yenu kubeba. Hata hii reli tusingewajengea mngeibeba kichwani. Nenda kalale, mzee, kuku nimempata, habari zako nimezisikia."

Baba akacheka, akaondoka akicheka, na hilo pekee lilinifanya nimpende Mzee Kondo mpaka anazikwa. Lakini kijana wake hakumpata.

Siku zilizofuatia sikulala vizuri. Upepo ulikuwa umegeuka, joto lilikuwa la kukaba, na kila aliyetoka Kaliua alisema mawingu yameshuka. Nilikuwa nikimwona bibi akikohoa chini ya matawi yale. Nikaamua kufanya kama walionitangulia. Siku ya Ijumaa, kabla ya king'ora cha kufunga kazi, nikaipangusa tupa yangu, nikaikunja ovaroli ya kazi na kuiweka juu ya jiriwa. Mzee Kondo akapita. Akaitazama ile ovaroli jinsi ilivyokunjwa.

"Nani kafa?" akauliza.

Nikamwambia sijafiwa, nakwenda nyumbani.

"Utarudi lini?"

"Tukishapanda."

Akaivuta ovaroli, akaikunjua, akanitupia kifuani. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni. "Nisikilize, Mihayo. Nimeona vijana wa kwenu wakiondoka hapa kila masika, wema watupu, na sijaona aliyerudi akakuta mahali pake. Hii mashine haina kinyongo na wewe wala haina mapenzi. Jumatatu itataka mikono, itapewa ya mtu mwingine, basi. Mwaka kesho baba yako atakuwa na nyumba na hatakuwa na mtu wa kumpeleka bibi yako hospitali. Ulimuuliza anataka nini?"

"Ananitaka mimi."

"Alitaka mikono. Kakutaja wewe kwa sababu ndiye anayemjua. Ulimuuliza anataka mikono mingapi, na kwa siku ngapi? Hukumuuliza. Umekaa unalia na tupa. Kesho tunatoka mchana, Jumapili hakuna kazi. Nami nimemla kuku wa watu."

Nilikasirika, nakwambia kweli. Nilikuwa nimekwisha jiandaa kuwa shujaa na mtu ananiambia nivae ovaroli. Lakini niliivaa.

Jumamosi, king'ora kilipolia, Mzee Kondo alisimama juu ya kikreti kilekile alichokalia baba akawatangazia watu kwamba Mnyamwezi mmoja amemfunga kwa jogoo, na anayetaka kuona Mzaramo anavyotoka kifungoni aende stesheni. Alisema na Bwana Ezekieli waziwazi, hakuna lililofichwa. Bwana Ezekieli akajibu kwamba saa za kazi ni za reli, na Jumapili ni ya Mungu na ya mtu mwenyewe. Tukaombewa nafasi katika behewa la mwisho la treni ya mizigo iliyokuwa ikielekea Kaliua. Tulipokwisha panda na kukaa juu ya vifaa vyetu, akaja mtu mmoja mbio kandokando ya reli na kapu la misumari. Alikuwa Bwana Ezekieli, bila tai. Akasema amepita tu kutuaga, akapanda.

Kijiji kipya sikuwa nimekiona. Nyumba zilizokwisha simama zilikuwa zimepangwa kwa mstari, na nyingi zilikuwa nguzo tupu. Kila familia ilikuwa ikihangaika peke yake na mti wake mmoja, mwanamume ameshika, mke anashindilia udongo, watoto wanatazama mawingu. Baba alipotuona tukishuka na nyundo na misumeno aliinua mkono juu. Mama ndiye aliyepiga vigelegele.

Mwinjilisti wa kijiji alitufanyia ibada Jumapili alfajiri, akaomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kusikia, kwa sababu na yeye hakuwa na paa. Kisha tukaanza, na tulipoanza tukagombana.

Watu wa karakana waligawana kazi kama walivyozoea. Hawa watachimba mashimo, hawa watapima na kukata, hawa watafunga fito, kila mtu na lake. Majirani wachache waliokuja kuchungulia walimwona fundi mmoja, Saidi, amesimama mikono kiunoni wakati wenzake wanachimba.

"Huyu anaumwa?" mmoja akauliza.

"Mimi nafunga fito," Saidi akajibu. "Kazi yangu haijafika."

Walimtazama kwa huruma ya kweli. Kwetu kazi haina kufika. Watu wakichimba mnachimba wote, wakikata mnakata wote, mnakwenda kwa mstari mmoja, na wa nyuma anavutwa na wimbo wa wa mbele. Mtu aliyesimama wakati wenzake wameinama alikuwa mgonjwa au mchawi. Saidi naye akawaona wao washamba, wanaoweza kurundikana kumi kwenye shimo moja. Mzee Kondo alikuwa anatafuta neno la kuwasuta wote wawili, bibi akamwahi.

Bibi yangu alikuwa ameketi mlangoni mwa kile kibanda, amejifunika kaniki. Akamwita baba. "Maganga, wageni wametoka Tabora kutujengea na ngoma imelala?"

Baba akasema, "Mama, kila mtu ana kazi yake. Nikiipiga nitawalazimisha."

"Ndiyo kazi yake hiyo, kulazimisha. Ilete."

Hapo lazima nikueleze. Sisi tulilima kwa ngoma. Mwenye shamba akiipiga ile ngoma ya jembe, wote wanaoisikia wanakuja, na asiyekuja anajulikana. Hakuna anayeombwa mmoja mmoja, kwa hiyo hakuna anayemwonea mwenzake haya. Tangu wahamie pale, ngoma ilikuwa imefungwa kwenye mkeka. Kila mtu alikuwa akiona vibaya kuwa wa kwanza kuipiga wakati wote wana shida. Sasa mwanamke mzee asiyeogopa mtu alikuwa ameamuru.

Baba akaipiga. Pigo lake la kwanza lilisita, la pili likakumbuka. Nikaona watu wakiacha miti yao. Walikuja kwa mstari kutoka kila upande wa kijiji, wengine na majembe, wanawake na mitungi ya maji, na walikuwa wanacheka wenyewe kwa kushangaa kwamba wamekuja. Mzee Kondo akaona alichokuwa akikitafuta. Akawaambia mafundi washike kazi ya vipimo, nguzo na kenchi za paa, kila mtu na lake, na ngoma iende kwenye udongo na nyasi. Nyuma yetu udongo ulikanyagwa na miguu mingi kwa wimbo, na mbele yao nguzo zilisimama wima kwa kamba ya kupimia aliyoishika Bwana Ezekieli. Tulipokuwa tunachelewa, ngoma ilitusukuma. Walipokuwa wanapinda, kamba iliwanyoosha. Kazi ya Saidi ilifika, akafunga fito mpaka vidole vikavimba, na yule aliyemwonea huruma alikuwa anampa kamba za magome akimwita shemeji.

Jua lilipoanza kushuka paa lilikuwa limekamilika, na chumba kimoja kilikuwa kimekandikwa pande zote. Baba na mimi tukambeba bibi kwenye kiti. Alikuwa mwepesi mno, mpaka niliogopa. Tulipomweka ndani akaangalia juu kwenye nyasi, akatafuta matundu, hakuyaona.

"Mwabeja," akasema, ambayo kwetu ni asanteni. Kisha akauliza mbona hakuna kuku katika nyumba hii.

Mzee Kondo akatoka kwenda kwenye vifaa vyetu, akarudi na tenga dogo. Jogoo alikuwa ndani yake, mzima, amenona kidogo. Alikuwa amemfuga Ng'ambo muda ule wote na kutudanganya kwamba amemla.

"Nilimwonjesha king'ora, kikamshinda," akasema. "Akiwika mapema, mke wangu anamtukana. Akichelewa, karakana imemtangulia. Na huku hamna king'ora, nani atawaamsha Wanyamwezi hawa wakalime shamba lao la wote?"

Baba alimpokea jogoo kwa mikono miwili. Alitaka kumtania, nikamwona anatafuta tusi zuri, halikuja. Akalia, baba yangu, mbele ya msimamizi na mafundi na kijiji, na hakuna aliyecheka.

Mvua ilitukuta tunasubiri treni ya kurudi. Ilianza kwa matone makubwa kwenye vumbi, kisha ikamwagika. Tuliloa wote, na sijawahi kufurahi kuloa namna ile, maana nilikuwa naitazama nyumba ile upande wa pili wa reli, moshi ukipenya kwenye nyasi taratibu, na nilijua bibi yuko mkavu. Kitu kilichokuwa kimenikaa kifuani tangu siku ile ya karakana kikaondoka. Jumatatu king'ora kilipolia nilikuwa kwenye jiriwa yangu, usingizi mtupu, na Bwana Ezekieli alipita akiwa na tai yake, akanikemea kwa kusinzia.

Kijiji nacho hakikuifunga tena ngoma. Kila siku iliyofuata iliita kwenye nyumba nyingine, mpaka wote wakawa na paa. Mwaka ule mimi nikaajiriwa. Bibi aliishi mpaka akamwona mke wangu na kumkosoa anavyosonga ugali. Na baba hakuja tena kuniomba kwa mwenye mji. Alikuwa akituma salamu na mtu wa treni: mwambieni Mihayo tunavuna, Jumapili gani anaweza? Nami nikawa namjibu Jumapili gani, na nikisema nakuja nilikuwa nakuja. Hata miaka ya baadaye, karakana ilipopunguza watu na mimi nikawa mmoja wao, nilirudi kwenye kijiji kile bila aibu. Nilikuwa sijawahi kuondoka kabisa.

Basi, mwanangu, neno langu ni hili. Ndugu yako wa shamba anapokuita, si kwamba anakudharau. Anakuita kama anavyoita watu anaowategemea, kwa maneno ya mahali ambapo kazi ina uso na mtu akiombwa anakuja. Wewe uko mahali ambapo kazi ina saa, na saa haina mama wala bibi. Usimcheke kwa kutoijua saa yako, na usiitupe saa yako kwa kumwonea aibu. Muulize anataka nini hasa, mikono mingapi, lini. Mwambie siku uliyo nayo, kisha uitimize siku hiyo hata kama ni moja. Usikae peke yako na shida ya kwenu kana kwamba ni siri. Waambie mnaofanya kazi pamoja, huenda kati yao yuko mtani. Na nyakati zikibadilika, maana zitabadilika tena na tena, waje wenye amri hii waondoke waje wenye ile, wewe angalia kwanza nani amelala bila paa. Hapo utajua pa kuanzia.

Mungu akupe kazi isiyokuaibisha na ndugu wasiochoka kukuita. Akupe msimamizi anayepanda behewa na kapu la misumari. Akuamshe kwa king'ora siku za kazi, na Jumapili, ukiwa umelala kwenye nyumba ya kwenu iliyo kavu, akuamshe kwa jogoo.